Kushusha Gari Uthiru: Hesabu ya Sentimita Tatu

Gari la kwanza nililolitazama likishushwa pale Uthiru halikununuliwa kifaa hata kimoja. Lilikuwa Fielder la rangi ya fedha, lililokwisha kupitia mikono ya wenyewe wawili, na kijana aliyelileta alikuwa na akiba ya miezi kadhaa mfukoni, akitaka springi fupi. Fundi alilipiga jeki, akachungulia kwa tochi ya simu, kisha akamwita.

"Kuja uone, kijana wangu. Hii gari yako imevalishwa viatu."

Juu ya kila shoki ya mbele palikuwa na spesa ya alumini yenye unene wa vidole viwili hivi. Nyuma, raba zilikuwa zimebanwa katikati ya mizunguko ya springi. Mwenye gari wa awali alikuwa ameliinua, naye kijana alilinunua akidhani ndivyo lilivyozaliwa. Spesa zikatolewa, raba zikatolewa, gari likarudi kwenye kimo chake cha kiwandani, na pengo lililokuwa kati ya tairi na fenda likaisha. Kijana alilipa ufundi tu, akaondoka na akiba yake karibu yote.

Naanza na kisa hicho kwa sababu Nairobi swali la kimo cha gari huulizwa kwa kugeuzwa. Wengi hulipa ili gari lipande. Saluni na steshenwagoni ndogo za Japani huja na nafasi ya sentimita 14 hadi 16 hivi kati ya lami na sehemu ya chini kabisa ya gari. Kwa Wajapani hiyo inatosha na kubaki: kanuni zao za ukaguzi huruhusu gari la kawaida lishuke hadi sentimita 9. Kwetu nafasi hiyo huisha kwenye tuta la kwanza la mtaani, ndiyo maana spesa zimekuwa kazi ya kila siku ya gereji. Anayetaka kushusha anakwenda kinyume na mkondo, na ni lazima apige hesabu ambayo wenzake hawahitaji kuipiga. Simlaumu. Gari lililoshuka kwa kiasi hupendeza machoni, hutulia upepo ukivuma barabara kuu, na hushika kona vizuri zaidi kwa kuwa uzito wake umekaribia ardhi. Ninachopinga ni njia ya mkato inayomgharimu mara mbili.

Uthiru ni mahali pa barabara mbili. Kuna Waiyaki Way, ambayo kipande chake cha kutoka James Gichuru hadi Rironi kilipanuliwa na kampuni ya China Wu Yi, na inayokupeleka Nakuru. Ukishuka mjini, pale Westlands unaweza kupanda Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ukapita kilomita 27 za lami laini mpaka Mlolongo. Lakini ukitoka kwenye lami hiyo uingie Naivasha Road kuelekea Kawangware, au ukate kwenda kwenye ploti za nyuma, mambo hubadilika ndani ya mita 50. Kuna matuta ya kandarasi, na kuna matuta ambayo wakazi wamejijengea kwa saruji na mawe baada ya mtoto kugongwa, hayana rangi wala alama. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, udongo wetu mwekundu huchimbwa na magurudumu ya malori mpaka katikati ya njia panabaki mgongo mrefu, na mgongo huo ndio unaopapasa tumbo la gari. Watu wawili wa Uthiru, mmoja akifanya kazi Mlolongo na mwingine akipeleka watoto shule ya huko ndani, hawawezi kununua springi moja hata kama magari yao ni pacha.

Chukua tuta la sentimita 10, ambalo si refu kwa vipimo vya mtaani. Magurudumu ya mbele yakishavuka, tuta lote limo tumboni, na gari lenye nafasi ya sentimita 15 limebakiwa na 5. Lipakie watu watano na gunia la viazi kutoka Kinangop. Nyuma kunalala sentimita 3 au hata 4. Sasa toa 3 nyingine za springi fupi. Umeshapungukiwa kabla gari halijatikisika, na kitakachogusa ni sehemu ya nyuma ya ekzosi, karibu na magurudumu, mahali ambapo uzito umeelemea.

Hiyo ni hesabu ya gari lililosimama. Hesabu ya gari linalokwenda ni kali zaidi, nayo ndiyo inayosahaulika.

Shoki ina safari yake. Tuseme shoki ya mbele, gari likiwa limesimama, imebakiwa na sentimita 8 za kujikunja kabla haijagonga kile kiraba cha kizuizi kilichovishwa kwenye fimbo yake. Gurudumu likipanda tuta au likitoka shimoni, kishindo chote lazima kimezwe ndani ya sentimita hizo 8. Ukishusha gari sentimita 4 huku umeacha shoki ile ile, umebakiwa na nusu ya safari. Hapo wengi hudhani springi ikiwa ngumu mara 2 mambo yatakuwa sawa. Sivyo. Uwezo wa springi kumeza kishindo hukua kwa mraba wa safari yake, kwa hiyo nusu ya safari huhitaji springi ngumu mara 4. Ukishusha sentimita 3, unahitaji ugumu wa mara 2 na nusu. Ukishusha 2, karibu mara 1.8. Springi fupi za dukani, kwa kawaida, huongezewa ugumu wa asilimia 10 hadi 30 hivi, maana zaidi ya hapo abiria wangelalamika mgongo. Pengo linalobaki hubebwa na kiraba. Ndiyo maana gari lililoshushwa kupita kiasi halidundi bali linagonga, na kila kishindo hupitishwa kwenye bushi, kwenye boli joint, kwenye mahali shoki ilipofungwa mwilini. Breki zikikanyagwa wakati kiraba kimeshagusa, tairi huruka badala ya kushika lami. Kwa gari linalobeba watoto asubuhi, hilo ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Barabara ya Uthiru ndiyo hiyo hiyo ya kuelekea Naivasha, makao ya Safari Rally tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Tangu ilipoanza mwaka 1953, Safari Rally imewafundisha wajenzi wa magari kitu kimoja kuhusu nchi hii: gari huinuliwa na shoki zake hupewa safari ndefu, kwa sababu kasi ya huku hutegemea gurudumu lina nafasi kiasi gani ya kupanda na kushuka. Anayeshusha gari la kila siku anapunguza kitu hicho hicho ambacho wao hulipa pesa nyingi kukiongeza. Anaweza kukipunguza kwa busara, ila ajue anakata wapi.

Kukata springi ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, na nimeisimamia kwa macho yangu. Fundi hubana springi kwa klempu, huweka alama ya chaki, kisha grainda hupiga kelele kwa dakika moja na kipande cha koili huanguka chini kikiwa na moto. Gharama ni ya ufundi peke yake. Kitu wengi wasichokijua ni kwamba springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi: yenye koili 6 zinazofanya kazi, ukikata 1, ugumu hupanda kwa asilimia 20, ukikata 2, kwa asilimia 50. Kwa hivyo si kweli kwamba hulegea, na kama jambo lingeishia hapo ningeitetea. Tatizo liko kwenye ncha. Springi nyingi hufinyangwa mwishoni ili zikae kwenye kikombe chake. Ukikata, ncha inabaki imeinuka, springi inakaa kimshazari na kusugua. Tena urefu wake mpya haujazi tena nafasi iliyoachwa na shoki ndefu ya zamani. Nililipiga jeki gari moja lililokatwa koili mbili, gurudumu likaning'inia, nikashika springi ya mbele, ikazunguka mkononi kama bangili. Mkaguzi wa Japani hulikataa gari ambalo springi yake inacheza hivyo, na ana haki, kwa kuwa kila gurudumu linapoingia shimoni ghafla springi hiyo huachia kikombe na kurudi popote pale.

Kuichoma kwa gesi mpaka ikunjike ni kuua chuma chenyewe. Springi hupoteza ukali wake pale palipopashwa moto, huendelea kulala mwezi baada ya mwezi, na upande wa kushoto haulali sawa na wa kulia. Asikudanganye mtu.

Kuna hatari nyingine inayowapata hata walionunua vifaa vizuri. Mbele ya karibu kila saluni ndogo tunayoendesha kuna mguu wa aina ya MacPherson, ambamo shoki na springi ni kitu kimoja kilichosimama juu ya mkono wa chini wa gurudumu. Ulibuniwa na Earle MacPherson miaka ya 1940, na uzuri wake ni urahisi. Gari likiwa kwenye kimo chake, ncha ya nje ya mkono huo huwa chini kuliko ya ndani, au sawa nayo. Ukishusha mpaka ncha ya nje ikapanda juu, kitovu ambacho mwili wa gari hulalia kwenye kona hushuka upesi kuliko uzito wenyewe. Matokeo yake gari linaanza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Mtu amelipa ili apate utulivu, naye anapata kinyume chake. Kagua mkono huo kabla ya kununua chochote: ukiukuta tayari umelala sawa na ardhi, sentimita 2 au 3 ndio mwisho wako.

Sasa tuje sokoni. Kirinyaga Road, ambayo zamani ilikuwa Grogan Road na wengi bado wanauita mtaa huo Grogan, imejaa springi na shoki za eksi-Japani, nyingine zikiwa zimetolewa kwenye magari yaliyoshushwa huko huko. Msimamo wangu ni huu: springi iliyotumika nunua, shoki iliyotumika acha. Springi ni chuma. Isipokuwa na ufa wala kutu iliyochimba, itafanya kazi miaka mingi. Shoki ni mafuta, sili na vali, na vyote vitatu huchakaa bila kuonekana. Huwezi kujua imebakiwa na nini hata ukiisukuma kwa mkono mbele ya muuzaji, maana mkono wako hauwezi kuiga tuta la Kawangware. Hakikisha springi ni za gari lako hasa, si za jina lake tu. Fielder la NZE141 linaendeshwa na magurudumu ya mbele, la NZE144 linaendeshwa na yote manne, na uzito wake si sawa. Springi ya moja kwenye jingine hukupa kimo ambacho hukukitafuta. Na uzichukue zote nne kutoka seti moja.

Springi mpya fupi kutoka kampuni kama Tein ya Yokohama, RS-R au Tanabe huuzwa kwa seti, na kwa bei za nje seti moja huwa kati ya dola 200 na 350 hivi kabla ya nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kampuni moja huweza kuwa na daraja zaidi ya moja: Tein, kwa mfano, ina H.Tech inayoshusha kwa upole na S.Tech inayoshusha zaidi. Kwa Uthiru chukua ya upole bila kusita. Kisha, na hapa ndipo pesa inapotakiwa iende, weka shoki mpya siku hiyo hiyo. Springi ngumu kwenye shoki iliyochoka hufanya gari liyumbe kama mtumbwi: hupanda tuta, hushuka, hupanda tena mara mbili hewani. KYB, jina linalojulikana katika kila duka la vipuri Nairobi, hutengeneza shoki za kawaida na pia New SR Special, ambazo zimekusudiwa kubeba hata springi fupi. Mwenye bajeti ya kitu kimoja tu mwezi huu anunue shoki mpya na aache springi za kiwandani. Atashangaa jinsi gari lake litakavyoshika barabara, na huenda hamu ya kushusha ikapungua nusu.

Koilova zinastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu sifa yake mtaani si sahihi. Watu huziona ni za mbio, ngumu na za matajiri. Bei yake kweli huwa mara kadhaa ya springi. Seti za kuanzia hukaribia dola 600 hadi 1,000 huko nje. Lakini zimegawanyika. Kuna zile ambazo hushushwa kwa kuzungusha kikombe cha springi peke yake. Ukikishusha sana, springi hulegea na safari ya shoki hupungua kama tulivyoona. Na kuna zile ambazo mguu wa chini nao una nyuzi, ukiuzungusha mwili mzima wa shoki hufupika huku safari yake ikibaki nzima. Aina hii ya pili ndiyo pekee inayoshusha gari bila kula zile sentimita 8. Kwa mtu atakayekaa na gari lake miaka mitano, na ambaye njia yake hubadilika, inaweza kuwa nafuu kuliko springi zilizonunuliwa mara mbili. Adui yake ni matope. Udongo mwekundu ukikauka kwenye nyuzi na mvua ikaja juu yake, pete hushikana na kutu mpaka zikatwe kwa grainda. Zioshe kwa brashi na uzipake grisi kila msimu wa mvua, na kabla ya kununua muulize muuzaji kama shoki moja ikifa anaweza kukuuzia moja. Akisema lazima ununue nne, tafuta kwingine. Mifumo ya hewa siizungumzii. Haimo katika mizani ya gari la kila siku la gharama nafuu.

Gharama zinazofuata hazimo kwenye risiti ya duka. Baada ya kushusha, magurudumu ya mbele hubadili mwelekeo wake, na tairi huanza kuliwa upande wa ndani, mahali usipopaona bila kuinama. Fanya alaimenti siku ya kazi, kisha irudie baada ya kilomita 500 hivi, springi zikishatulia. Taa za mbele nazo zipimwe upya, la sivyo utawapofusha wanaotoka Kinoo usiku. Kuna jambo moja ambalo gereji nyingi za kando ya barabara hulikosea na halina gharama yoyote: boliti za mikono ya chini hukazwa gari likiwa bado juu ya jeki. Bushi hushikwa zikiwa zimepinda, na gari likishushwa chini raba zake hubaki zimesokotwa usiku na mchana mpaka zichanike. Mwombe fundi azilegeze, ateremshe gari lisimame kwa magurudumu yake, ndipo azikaze.

Bima pia ijulishwe, kwa maandishi. Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55 inataka sehemu zote za gari ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Springi inayocheza kwenye kikombe haiwezi kutetewa mbele ya kifungu hicho.

Gari langu ni Premio, na nilitaka lishuke sentimita 3. Badala ya kuanzia dukani nilianzia chini ya gari. Nilikata vipande vya sponji ya godoro vyenye unene wa sentimita 3 nikavibandika kwa teipu chini ya bampa na chini ya kinga ya injini. Kwenye ekzosi sponji ingeungua, basi nikakata ukanda mwembamba wa bati kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia nikaufunga kwa waya uning'inie sentimita 3 chini yake. Nikaendesha wiki nzima kama kawaida yangu: shule, kazini Westlands, soko la Kangemi Jumamosi, kanisani na majirani watatu kiti cha nyuma. Sponji ya bampa ilirudi nzima. Ya injini ilikuwa imekwaruzwa kidogo. Bati lilikuwa limekunjwa na kulala kabisa kuelekea nyuma, na najua ni wapi: lile tuta la wakazi kabla ya geti letu, Jumapili, tukiwa wanne.

Nikakata bati jingine la sentimita 2, nikarudia wiki ile ile na majirani wale wale. Jumatatu nilimpelekea fundi, likiwa bado linaning'inia. Alilala chali kwenye katoni, akalipapasa kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akatoka akijifuta mikono.

"Hii haijaguswa," akasema. "Basi hiyo ndiyo saizi yako, mzee. Tafuta shoki kwanza, springi nitakuangalilia mimi."